Kuzima Kitulizo

Saa mbili na dakika sita asubuhi, Diwani alianza kuinua pezi lake la mgongoni. Kabla halijasimama wima, kitulizo kilitoa mtetemo wa nusu sekunde. Diwani alisimama palepale. Wenzake kumi nao walisimama, kila mmoja mahali alipokuwa. Kisha mtetemo uliisha, na samaki wote wakaendelea kuogelea.

Mwarami Pazi alikuwa amekaa mbele ya tangi akinywa chai ya tangawizi. Aliyaona mambo hayo zaidi ya mara mia kwa siku, kwa mwaka wa saba sasa, na bado yalimfurahisha. Alikuwa ameendesha winchi bandarini Mwanza kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na alijua thamani ya mzigo unaosimama pale unapotakiwa kusimama.

Mlango uligongwa.

"Nani?"

"Mwenye samaki."

"Mwenye samaki ni mimi. Wewe ni mwenye ng'ombe, na zizi haliko ghorofa ya sita."

Daktari Nyanzobe Masalu aliingia, akavua viatu. "Mzaramo ameamka saa mbili asubuhi! Kuna ngoma mahali?"

"Nilitaka kuona kama Msukuma anaweza kupanda ngazi bila kufuata mkia wa ng'ombe."

Walikuwa watani. Mwarami alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Kanda ya Ziwa na kazi. Nyanzobe alikuwa Msukuma wa Magu. Makabila yao yalikuwa yamepeana ruhusa ya kutukanana bila kununiana tangu enzi za mababu wa mababu zao. Kwa kawaida Nyanzobe alirudisha maneno matatu kwa moja. Leo alirudisha moja tu, kisha akakaa bila kudai chai. Mwarami aliweka kikombe mezani.

"Sema."

"Mayai tuliyokamua yameoza," Nyanzobe alisema. "Yote arobaini na mawili."

*

Furu-kaniki alikuwa hajaonekana ziwani kwa miaka kumi na tisa. Jina lake lilitokana na rangi ya dume aliyekomaa: weusi wa bluu uliokolea, kama kitambaa kipya cha kaniki. Ziwa lilipoanza kuwapoteza furu, wale samaki wadogo wa asili, Idara ya Urejeshaji iliwagawa samaki waliobaki katika nyumba za watu, ili hitilafu ya jengo moja isiangamize aina nzima. Waliopewa samaki waliitwa walezi. Kila mlezi alipata mafunzo ya wiki sita, tangi la lita mia tisa, na kitulizo.

Kitulizo kilihitajika kwa sababu madume wa furu wakifungiwa pamoja huuana. Kifaa chenyewe kilikuwa mkanda mwembamba uliobandikwa kuuzunguka ukingo wa kioo, wenye kamera thelathini na mbili na vitetemeshi idadi hiyohiyo. Kamera zilisoma mkao wa kila samaki. Dalili ya shambulio ilipoonekana, vitetemeshi vilitikisa maji, na mshambuliaji akatulia. Nyanzobe, wa kituo cha Idara, ndiye aliyekibuni.

Matangi mawili mengine ya furu-kaniki yalikwisha kufa. Moja kwa ugonjwa, jingine kwa kichujio kilichoziba wakati mlezi akiwa hospitalini. Lililobaki lilikuwa hili. Ndani yake mlikuwa na madume watatu na majike wanane. Mwarami aliwapa majina ya watumishi wa mtaa. Dume mkubwa aliitwa Diwani. Wa pili, mwenye kifua kipana, aliitwa Mgambo. Wa tatu, mdogo, mwenye tabia ya kupitapita kandokando ya kioo kana kwamba anakagua kitu, aliitwa Karani. Jike mwenye mayai msimu huu aliitwa Nesi.

"Nesi ana mayai tena," Nyanzobe alisema. "Nimeiona picha ya tumbo lake jana. Majike wengine saba wamepita umri. Ni yeye tu, na ana siku mbili, labda tatu."

"Basi mpelekeni kituoni mkamkamue, kama kawaida."

"Tumemkamua misimu miwili. Yai la jike ambaye hajachumbiwa halikomai. Linatoka zima, linaonekana zuri, siku ya nne linaoza. Lazima dume amwite, amtetemekee, amwongoze kwenye shimo la mchanga. Hapo ndipo mayai hukomaa. Kisha yeye huyatoa, huyachukua mdomoni, na kuyalea humohumo kwa wiki tatu."

"Mpeni Diwani peke yake, basi. Chumba chao. Hata binadamu tunapenda hivyo."

"Tulijaribu kituoni kwa dume mwingine, miezi sita. Dume asiye na mpinzani hapati rangi. Hachimbi. Alikaa amepauka kama jani kavu."

"Mbakishie Mgambo. Karani nitamweka kwenye ndoo."

"Wawili ndio hatari zaidi. Hasira yote ya mmoja humwangukia mmoja. Wakiwa watatu, hugawanyika."

Mwarami alilitazama tangi. Diwani alikuwa anaanza tena kuinua pezi. Mtetemo ulipita, samaki kumi na mmoja walisimama.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Nataka tuzime kitulizo."

*

Kukizima kulihitaji watu wawili. Dole gumba la mbunifu na dole gumba la mlezi yalipaswa kukaa juu ya kibao chake cha kugusa kwa sekunde tatu. Kukiwasha kulihitaji mguso mmoja wa mtu yeyote. Nyanzobe mwenyewe ndiye aliyepanga hivyo, ili amani isivunjwe kwa haraka.

"Dakika moja tu," Mwarami alisema. "Halafu tutazungumza."

Waliweka madole gumba yao. Taa ya kijani ya kitulizo ilizimika saa tatu kasorobo.

Kwa sekunde ishirini hapakuwa na kitu. Kisha Diwani aliinua pezi. Lilifika juu, likasimama wima kabisa, na ncha zake nyekundu zikafunguka. Mwarami hakuwahi kuziona. Alivuta pumzi. Diwani naye alionekana kushangaa. Alizunguka mara moja, kana kwamba anangoja kitu kilichochelewa.

Halafu alimvamia Karani.

Pigo la kwanza lilitua ubavuni. Karani hakukimbia. Hakukunja mapezi wala hakugeuka. Alisimama palepale, akitazama mbele. Pigo la pili lilitoa gamba lililoshuka polepole likimeta. La tatu lilimgeuza ubavu. Karani alijiweka sawa, akasimama tena, akangoja.

"Kimbia!" Mwarami alipiga kioo. "Kimbia, mjinga wewe! Kwa nini hakimbii?"

Kabla ya pigo la nne, Nyanzobe aligusa kibao. Taa ikawa kijani. Mtetemo ulipita, na Diwani akatulia mdomo wake ukiwa umbali wa kidole kimoja kutoka jicho la Karani.

"Kwa nini hakukimbia?" Mwarami aliuliza tena, sasa kwa sauti ndogo.

"Hajui."

"Samaki hajui kukimbia?"

"Hajawahi kufukuzwa. Aliletwa hapa akiwa kifaranga, kitulizo tayari kinafanya kazi. Kila hatari aliyowahi kuikuta iliisha kwa kusimama."

Mwarami aligeuza kiti, akamkabili. "Mtetemo ule ni wa nini, Daktari? Miaka saba unaniambia unatuliza. Unatuliza kwa nini?"

Nyanzobe angeweza kujibu kwa lugha ya kituoni. Alikuwa na sentensi zake tayari, zilizokwisha kutumika katika semina nyingi. Hakuzitumia.

"Samaki husikia maji kwa mstari wa vitundu ulio ubavuni mwake," alisema. "Mtetemo ule tuliurekodi. Ni wa sangara wa kilo sitini akipita mita mbili kutoka hapo. Furu akiusikia husimama, asionekane."

Mwarami alisogeza kikombe chake mbali.

"Mtani," alisema, "miaka saba umekuwa ukimtembeza sangara sebuleni kwangu."

"Ndiyo."

"Nami nakaa hapa na chai yangu, nasema, tazama wanavyopendana."

"Ndiyo. Na kuna jingine." Nyanzobe alikunja mikono. "Niliifundisha mashine kwa picha za karo la saruji la kituoni. Lilikuwa na madume arobaini katika nafasi ya madume sita. Mle ndani, kila pezi lililoinuka lilifuatwa na pigo. Kwa hiyo niliandika: pezi likiinuka, ni shambulio. Lakini wale walikuwa wamebanwa. Samaki mwenye nafasi huinua pezi ili kusema: hapa ni pangu. Mwenzake hukunja lake na kuondoka. Mara nyingi hapana pigo. Na ni pezi hilohilo, likitetemeka, ndilo linalomwita jike. Nilizuia matusi, nikazuia na posa."

"Uligundua lini?"

"Mwaka juzi."

"Ukanyamaza."

"Kila mwezi taarifa zilisema hakuna samaki aliyeuawa. Idara ikaongeza nyumba mia nne. Ni vigumu kusimama mbele ya watu na kusema kwamba kitu kisichoua kina kasoro."

"Si vigumu," Mwarami alisema. "Unafungua mdomo."

Hakuwa anatania. Nyanzobe aliinamisha kichwa.

"Nikikataa kuweka dole langu?"

"Wote kumi na mmoja watazeeka salama. Mdogo kuliko wote amebakiza miaka mitatu. Baada ya hapo utakuwa na tangi la maji safi, na furu-kaniki watakuwa wamekwisha."

"Nikikubali?"

"Mmoja anaweza kufa. Au wawili. Sijui."

"Daktari mzima hujui."

"Sijui, mtani. Na madume hawa kila mmoja ana ukoo wake. Akifa mmoja, theluthi ya damu ya kiume imepotea."

Mwarami alisimama, akauinamia uso wa kioo. Karani alikuwa amerudi kwenye ukaguzi wake wa kandokando, akiwa na alama tatu nyeupe ubavuni. Alipita mbele ya pua ya mzee bila wasiwasi wowote. Hilo ndilo lililomuuma Mwarami kuliko yale mapigo.

"Kabla sijaweka dole," alisema, "tutapanga uwanja. Mzigo haushushwi mahali ambapo hapajapangwa."

*

Walifanya kazi kuanzia saa nne.

Kwanza walimtoa Diwani kwa wavu, wakamweka katika pipa la plastiki lenye pampu yake, wakalifunika kwa gunia. Kisha walitoa nusu ya maji na kuanza kuhamisha mawe.

Nyanzobe alieleza, mikono yake ikiwa majini hadi kwenye mabega. Dume hupigania alama anazozijua: jiwe hili, kona ile. Zikihama zote, kila mmoja anakuwa mgeni, na mgeni hutazama kabla ya kupiga. Atakayerudishwa wa mwisho anakuwa mgeni zaidi. Ndiyo maana Diwani alikuwa pipani.

Mwarami aliongeza la kwake. Alipiga magoti, akaweka kidevu usawa wa mchanga, na kufumba jicho moja.

"Hapa ni kwa Mgambo, sivyo? Nikiwa Mgambo, namwona Karani kule. Leta jiwe. Kushoto. Kushoto kwako wewe, si kwa ng'ombe."

"Liko kushoto."

"Shusha. Polepole. Hapo! Sasa simwoni. Samaki asiyemwona mwenzake hana wa kumchukia."

"Wazaramo mngejengewa hivyo, mngepungua maneno."

"Tungepiga kelele juu ya ukuta."

Mawe hayakutosha. Mwarami alishuka hadi ghorofa ya tatu, akarudi na vyungu vitano vya maua vilivyopasuka, alivyopewa na jirani kwa ahadi ya kurudishiwa. Walivisugua kwa chumvi, wakavisuuza mara nne, wakavilaza kwenye mchanga midomo ikitazama pande tofauti. Kikubwa kuliko vyote walikiweka kona ya nyuma. Kiliacha kijiwanja cha mchanga nyuma yake, kilichofichwa na pande zote.

Saa saba na nusu maji yalikuwa yamejaa na kutulia. Mwarami alijifuta mkono kwa shati, akaweka dole gumba lake juu ya kibao kabla ya Nyanzobe.

"Leo jina la ukoo wangu litaandikwa," alisema. "Tuone ni kwa jema au baya."

Taa ya kijani ilizimika.

Mgambo ndiye aliyeanza. Aliinua pezi mbele ya Karani, na Karani, kama asubuhi, alisimama. Mgambo alimzunguka. Aliuma mara moja, mkiani. Karani aliruka kwa mshtuko, akajikuta nyuma ya jiwe. Mgambo alitazama huku na huku. Hakumwona. Pezi lake lilishuka.

"Umeona?" Mwarami alimshika Nyanzobe bega. "Amekimbia! Karani, mwanangu, kukimbia si aibu! Hata mimi nilikimbia umande!"

Ndani ya saa moja Karani alifukuzwa mara sita. Mara ya kwanza alikimbia kwa bahati. Mara ya sita aliondoka kabla Mgambo hajafika.

Nyanzobe aliandika nyakati zote.

Kisha walimrudisha Diwani.

*

Alikaa dakika kumi chini ya uso wa maji akitazama mtaa asioujua. Halafu alishuka moja kwa moja hadi kijiwanja cha nyuma ya chungu kikubwa, akaanza kuchimba. Alijaza mchanga mdomoni, akatoka nao, akautema mbali, akarudi. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Kila safari weusi wake uliongezeka, na kufikia saa tisa na robo alikuwa na rangi ambayo Mwarami alikuwa ameiona katika picha tu.

Mgambo alimfuata huko. Walisimama ubavu kwa ubavu, mapezi yote yamesimama. Walipigana mikia bila kugusana. Walishikana midomo, wakasukumana nje ya chungu hadi katikati ya tangi, wakaachana, wakashikana tena.

"Hivi ndivyo inavyotakiwa," Nyanzobe alisema. "Wanapimana. Anayeshindwa hukunja mapezi na rangi yake hufifia. Mshindi akiona hivyo huacha."

Saa tisa na dakika ishirini na mbili, ilikuwa wazi kwamba Mgambo ameshindwa. Mdomo wake ulikuwa umepasuka. Alirudi nyuma hadi kwenye kioo cha mbele.

Hakukunja mapezi. Rangi haikufifia.

"Kunja," Nyanzobe alinong'ona.

Mgambo alikuwa amejifunza mchana huu jinsi ya kufukuza. Hakuna aliyemfunza kushindwa. Alibaki pale, pezi juu, mweusi tii. Kwa macho ya Diwani, pezi lile lilisema jambo moja tu. Diwani alimpiga.

Na papo hapo Nesi alitoka nyuma ya jiwe, akaelekea kwenye shimo.

Diwani alimwacha Mgambo. Alimkimbilia Nesi, akajipinda mbele yake, na mwili wake wote ukatetemeka kuanzia kichwa hadi mkia. Nesi alisimama. Diwani alirudi kwenye shimo, akageuka, akatetemeka tena. Nesi alisogea kidogo. Diwani alitazama, akamwona Mgambo kiooni bado ameinua pezi, akatoka kasi, akampiga mara tatu, na kurudi kutetemeka.

Kidole cha Nyanzobe kilikuwa juu ya kibao.

Mtetemo ungepita tangi zima. Ungemsimamisha Diwani asiue, na ungemsimamisha Nesi asifike shimoni. Kitulizo hakikuweza kumchagua mmoja. Alikuwa amekibuni hivyo.

Mwarami alikuwa ameshika wavu. "Namtoa Mgambo."

"Wavu ukiingia, Nesi atakimbia. Ameanza tu kumfuata."

"Atarudi."

"Huenda."

"Huenda ndiyo au huenda hapana?"

"Sijui!"

Diwani alikuja tena. Safari hii alilenga macho.

"Huyu ni samaki wangu," Mwarami alisema. Wavu ulikuwa inchi moja juu ya maji, na matone yalidondoka kutoka kwenye ukingo wake. "Nimemlisha tangu akiwa kama punje ya mchele. Nikipiga miluzi anakuja. Unamwona anavyonitazama?"

Mgambo alikuwa upande wao wa kioo, karibu kabisa. Nyanzobe alimwona.

"Namwona."

"Basi niambie nisimtoe. Sema kwa mdomo wako. Mwaka juzi ulinyamaza, leo hutanyamaza."

Nesi alikuwa nusu ya njia. Dakika moja ilipita, na pigo jingine, na jingine. Nyanzobe aliinua kidole chake kutoka kwenye kibao na kukiweka juu ya goti.

"Usimtoe," alisema.

Mwarami hakuuweka wavu chini, wala hakuuingiza majini. Alibaki ameushika hewani. Nesi alipita mdomo wa chungu kikubwa na kutoweka nyuma yake. Diwani alimfuata. Kwa mara ya kwanza hawakuweza kuwaona. Mawe na vyungu walivyovipanga kwa ustadi viliwaficha samaki wasionane, na viliwaficha na wao pia.

Mara nne Diwani alichomoka nyuma ya chungu, akaja kiooni, akarudi. Mara ya tano Mgambo hakuwa ameinua pezi tena. Alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, na matamvua yake ya kupumulia yalifunguka, yakafunga, yakafunguka.

Saa tisa na dakika thelathini na moja hayakufunga tena.

*

Karani alikuwa katika ufa kati ya mawe mawili, pua tu ikionekana. Alikuwa hapo tangu mapigano yalipoanza. Sasa Diwani alikuja upande wake, pezi juu. Karani alikunja mapezi yote. Weusi wake ulififia mpaka akawa na rangi ya kijivu ya majike, akainamisha kichwa, akarudi nyuma. Diwani alimpita bila kumgusa.

"Alikuwa anatazama," Mwarami alisema.

"Ndiyo."

"Yule mwingine hakuwa na wa kumtazama."

Alizungusha wavu taratibu, mbali na chungu, akamtoa Mgambo na kumlaza juu ya kitambaa chenye maji. Alimfunika. Kisha alikaa kwenye kiti chake, akiwa na mikono juu ya magoti.

"Ametaga?" aliuliza.

"Sijui. Hatukuona."

"Hebu chungulia kwa kamera za mkanda wako."

"Chungu kimezuia kamera zote."

"Kwa hiyo huenda amekufa bure."

"Huenda."

"Inua chungu."

"Nikikiinua sasa, na kama ametaga, anaweza kuyatema. Au Diwani akayala."

Mwarami aliitikia kwa kichwa. Nyanzobe alitoa daftari la taarifa. Kila kifo kilikuwa na ukurasa wake, na ukurasa ulikuwa na mstari wa aliyeamua. Aliandika jina lake. Mwarami alinyoosha mkono, akachukua kalamu, akaandika la kwake chini yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kusaini orodha za mizigo.

"Si lazima," Nyanzobe alisema. "Mimi ndiye niliyesema."

"Na mimi ndiye niliyekuwa na wavu. Mkono wangu haukufungwa kamba."

"Kesho nitaiambia Idara kuhusu karo. Na kuhusu mwaka juzi."

"Watakufukuza."

"Huenda."

"Neno lako la leo ni huenda, Msukuma." Alijaribu kucheka, haikutoka. "Waambie pia wahamishe mawe kwanza. Na wasimwache anayeshindwa upande wa kioo tupu. Pale hapana pa kujificha. Kosa lile ni langu. Nilitaka tuwaone vizuri."

Nyanzobe aliliandika hilo, kama lilivyosemwa.

Saa kumi na moja ilikuwa wakati wa chakula. Mwarami aliosha mikono, akafungua kopo, akachukua kipimo cha vidole vitatu. Alisita juu ya maji. Wote wawili walijua jambo lilelile, na hakuna aliyelisema: jike mwenye mayai mdomoni hali kitu.

Aliachia.

Vipande vilisambaa, vikaanza kushuka. Diwani alikuwa wa kwanza. Majike saba walipanda kutoka kila upande, na Karani alinyakua kipande kimoja pembeni kisha akarudi ufani nacho. Nyanzobe alikuwa akiwahesabu kwa midomo bila sauti.

Nesi alitoka nyuma ya chungu, wa mwisho. Alipanda polepole hadi katikati ya vipande. Kimoja, chekundu, kizuri, kilishuka mbele ya pua yake. Alikisogelea. Mwarami alikuwa ameushika ukingo wa meza.

Nesi alishuka sambamba na kipande hicho, akikitazama, hadi kikagusa mchanga. Hakufungua mdomo.